Vitamini C ya ngozi: Ijue kabla hujaweka mtaji

Na Mwandishi Wetu

UKIPITA Muheza mkoani Tanga wakati wa msimu wa machungwa, utayaona yamerundikwa kando ya barabara, mengine juu ya majani, mengine kwenye matenga, yakimsubiri mnunuzi. Mkulima anajua kwamba kila siku inayopita bila lori kufika, bei inashuka. Ukifika Kariakoo jijini Dar es Salaam, utaliona chungwa hilo hilo limechorwa kwenye kichupa cha mililita 30, na juu yake pameandikwa "Vitamin C". Bei ya kichupa kimoja huenda ingetosha kununua machungwa ya familia kwa wiki kadhaa.

Ndiyo maana maswali yamekuwa mengi. Mwenye duka la vipodozi anauliza kama biashara hiyo inalipa. Mteja anauliza kama kweli inafanya kazi au ni maneno ya matangazo tu. Mkulima naye anauliza: kama chungwa langu ndilo lililomo humo ndani, mbona faida inaishia kwa mwingine?

Maswali yote matatu yana majibu, na majibu yenyewe yanaweza kukuokolea fedha. Tuanze na mwili, kisha tuje dukani, halafu turudi shambani.

Mbuzi anajitengenezea, binadamu hawezi

Vitamini C, ambayo kwa jina la kitaalamu ni asidi askobiki, ni kirutubisho ambacho mwili wa binadamu hauwezi kujitengenezea. Mbuzi na ng'ombe hujitengenezea wenyewe kwenye ini, kwa hiyo mbuzi wako hahitaji kulishwa machungwa. Sisi lazima tuipate kwenye chakula, tena mara kwa mara, kwa sababu mwili hauwezi kuiweka akiba ya muda mrefu.

Umuhimu wake kwa ngozi ulionekana zamani kabla hata jina lake halijajulikana. Mabaharia waliokaa miezi mingi majini bila matunda wala mboga walikuwa wakiugua kiseyeye. Fizi zilivuja damu, ngozi ilitoka madoa, na vidonda havikupona. Hata makovu ya zamani yaliweza kufunguka upya. Mwaka 1747 daktari wa melini wa Uingereza, James Lind, aliwachukua mabaharia 12 waliokuwa wagonjwa, akawagawa wawili wawili na kuwapa tiba tofauti. Wawili waliopewa machungwa na malimau ndio waliopata nafuu upesi kuliko wote.

Ilichukua karibu miaka 200 kujua sababu. Mwanasayansi wa Hungary, Albert Szent-Györgyi, ndiye aliyeitenga asidi hiyo, na baadaye aliipata kwa wingi kwenye pilipili nyekundu za mji wa Szeged. Alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1937.

Leo inafahamika kwamba mwili unaitumia vitamini C kutengeneza kolajeni. Hii ni aina ya protini inayoishika ngozi, kama vile fito zinavyoushika udongo kwenye nyumba ya miti. Fito zikioza, udongo hupasuka na kubomoka. Kolajeni ikipungua, ngozi hulegea, hupata mikunjo, na kidonda huchelewa kufunga.

Kazi ya pili ni ulinzi. Mionzi ya jua huzalisha ndani ya ngozi chembe haribifu zinazokula kolajeni hiyo. Vitamini C huzizima chembe hizo kabla hazijaleta madhara makubwa. Kwa mkulima anayeshinda shambani, au mama anayeuza mboga juani tangu asubuhi, hili si jambo dogo.

Kwanza sahani, kisha kichupa

Kabla hujanunua kitu cha kupaka, angalia unachokula. Shirika la Afya Duniani (WHO) pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) wamependekeza miligramu 45 za vitamini C kwa siku kwa mtu mzima. Nchi nyingine hutaja kiwango cha juu zaidi. Marekani, kwa mfano, inapendekeza miligramu 75 kwa wanawake na 90 kwa wanaume. Anayevuta sigara anahitaji zaidi.

Kiasi hicho si kigumu kukipata katika mazingira yetu. Gramu 100 za chungwa zina takriban miligramu 50. Papai lina takriban 60. Pilipili hoho mbichi ya kijani ina takriban 80, na ikiiva ikawa nyekundu hupanda hadi kuzidi 120. Pera ndilo linaloshangaza wengi, kwani gramu 100 zake zinaweza kufikisha miligramu 200 na zaidi. Kwa maneno mengine, pera moja la wastani, lile ambalo watoto wanalichuma bure njiani, linaweza kutosheleza mahitaji ya mtu mzima kwa siku nzima.

Ubuyu na mabibo, yaani matunda ya mkorosho, nayo yana vitamini C nyingi kuliko chungwa, ingawa kiasi hutofautiana kwa mti na mti na kwa mahali na mahali.

Hata hivyo, ukishakula kinachotosha, kuongeza zaidi hakuifanyi ngozi kuwa nzuri zaidi. Mwili huchukua unachohitaji, na ziada hutoka kwa mkojo. Hapo ndipo watengenezaji wa vipodozi walipopata mlango wa kuingilia. Kama njia ya tumboni ina kikomo, wakasema, basi tuipeleke vitamini moja kwa moja kwenye ngozi.

Inachofanya ikipakwa

Kimiminika hicho, ambacho wauzaji wengi hukiita seramu, kinaweza kufanya mambo matatu kikiwa kimetengenezwa vizuri.

La kwanza, kinaisaidia ngozi kupambana na madhara ya jua. La pili, kinachochea utengenezaji wa kolajeni, hivyo mikunjo midogo inaweza kupungua. La tatu, na ndilo linalopendwa zaidi na wateja wetu, kinapunguza madoa meusi yanayoachwa na chunusi au jua. Vitamini C hupunguza kasi ya kimeng'enya kinachotengeneza melanini, ambayo ndiyo rangi ya ngozi. Doa lililozidi rangi hufifia taratibu na kulingana na ngozi inayolizunguka.

Neno "taratibu" lina uzito hapa. Mabadiliko huanza kuonekana baada ya wiki kadhaa za kutumia bila kukatisha, na kwa kawaida ni vyema kusubiri miezi miwili hadi mitatu kabla ya kuamua kama imefaa au haikufaa. Anayekuahidi siku saba, ama hajui anachouza au humo ndani mna kitu kingine.

Ni vyema pia msomaji akaelewa kuwa tafiti nyingi zilizofanywa juu ya vitamini C ya kupaka zilihusisha watu wachache, na manufaa yaliyoonekana ni ya kiasi. Mwenye makovu ya kina asitegemee kichupa hiki kumaliza tatizo lake.

Asidi askobiki yenyewe hufanya kazi vizuri ikiwa na nguvu ya asilimia 10 hadi 20. Chini ya hapo nguvu hupungua, na juu ya asilimia 20 ngozi haipokei zaidi bali huanza kuwasha. Ili ipenye, lazima kimiminika kiwe kichachu, na hiyo ndiyo sababu mtumiaji husikia mchomo kidogo anapopaka. Watengenezaji wengi huongeza vitamini E na asidi feruliki, kwa kuwa viwili hivyo huifanya vitamini C isiharibike upesi na huiongezea nguvu ya kupambana na madhara ya jua.

Hewa, mwanga na joto

Sasa tuje kwenye jambo linalomhusu mfanyabiashara moja kwa moja. Vitamini C ni bidhaa inayooza. Haioti ukungu kama mkate wala hainuki kama samaki, lakini inaoza. Adui zake ni watatu: hewa, mwanga na joto. Ikikutana nao hubadilika rangi, kutoka kuwa angavu kama maji kwenda njano, halafu rangi ya chai, mwishowe kahawia. Ikifika kwenye kahawia, vitamini yake imekwisha na mteja anapaka maji ya bei ghali.

Fikiria basi safari ya kichupa hicho. Kimetoka kiwandani ng'ambo, kimekaa ndani ya kontena wiki nyingi, kikasubiri bandarini, kikaingia ghala la Kariakoo lenye bati lisilo na dari. Kutoka hapo kikapanda basi kwenda Singida au Mbeya, na sasa kimepangwa kwenye kabati la kioo linalotazama jua la mchana ili wapita njia wakione. Kila hatua imekipunguzia nguvu.

Kwa sababu hiyo, mwenye duka anapaswa kuangalia mambo yafuatayo kabla hajatoa fedha yake.

Angalia chupa. Chupa nyeupe inayopitisha mwanga ni dalili mbaya. Tafuta yenye rangi ya kahawia iliyokolea au isiyoonyesha ndani kabisa. Chupa ya kubonyeza inayotoa dawa bila kuingiza hewa ni bora kuliko ya kufungua na kufunga.

Angalia tarehe. Omba kuona tarehe ya kutengenezwa pamoja na ya kwisha muda. Kama katoni nzima imebakiza miezi mitatu, bei nafuu unayopewa si zawadi. Mwenye mzigo anakusukumia hasara yake.

Soma lebo. Jina "ascorbic acid" likiwa miongoni mwa majina ya mwanzo kwenye orodha ya viambato, kuna kiasi cha maana. Likiwa mwisho kabisa, baada ya manukato na rangi, humo kuna jina tu. Yapo pia majina kama "sodium ascorbyl phosphate", "magnesium ascorbyl phosphate" na "ascorbyl glucoside". Hizi ni jamaa za vitamini C zenye nguvu kidogo lakini zinazovumilia joto vizuri zaidi, na haziwashi sana. Kwa duka lililo sehemu yenye joto kali, mzigo wa namna hii una hatari ndogo.

Fungua moja. Usinunue dazeni mbili kwa kutazama boksi. Fungua kichupa kimoja mbele ya muuzaji wa jumla, dondosha kwenye karatasi nyeupe. Kikiwa tayari na rangi ya chai, achana nacho, isipokuwa kama lebo inaonyesha kwamba kimetiwa rangi.

Hesabu ya mwenye duka

Tuchukue mfano. Tuseme umenunua vichupa 24 kwa shilingi 9,000 kila kimoja, ukipanga kuviuza kwa shilingi 14,000. Mtaji ulioweka ni shilingi 216,000. Ukiviuza vyote utapata shilingi 336,000, na faida kabla ya gharama nyingine ni shilingi 120,000. Kwenye daftari inapendeza.

Lakini wateja wako si wengi, na baada ya miezi minne vichupa 9 vimebadilika rangi. Umeuza 15 tu na kupata shilingi 210,000. Faida yote imekwenda, na mtaji wenyewe umepungua kwa shilingi 6,000 kabla hujahesabu kodi ya pango, nauli na umeme.

Sasa tuseme umechukua vichupa 6 tu, na kwa kuwa ni vichache muuzaji wa jumla amekupandishia hadi shilingi 9,500. Umetoa shilingi 57,000. Ukiviuza vyote kwa bei ile ile unapata shilingi 84,000, faida shilingi 27,000. Ukirudia mara nne umeuza vichupa 24 na kupata faida ya shilingi 108,000. Ni pungufu kwa shilingi 12,000 kuliko faida ya ndoto ya kwanza, lakini hukulala na mzigo unaooza, na shilingi 159,000 zilizobaki mkononi mwanzoni ungeweza kuzizungusha kwenye sabuni na mafuta yanayotoka kila siku.

Funzo ni lile lile la muuza nyanya: mzigo unaoharibika huchukuliwa kidogo kidogo, na kabla hujaagiza jua kwanza nani atanunua. Wenye saluni wanaweza kuwaandikisha wateja kwanza, kisha wakaagiza kulingana na idadi. Vichupa vikifika, vikae ndani ya maboksi yake sehemu yenye ubaridi na giza. Kabatini weka boksi tupu la maonyesho.

Mweleze pia mteja kwamba akishakifungua, kwa kawaida hushauriwa akimalize ndani ya miezi mitatu. Kwenye boksi nyingi kuna mchoro wa kopo lililo wazi lenye maandishi kama "3M" au "6M". Hiyo ni idadi ya miezi ya kutumia tangu siku ya kufunguliwa. Mteja aliyeelezwa vizuri harudi dukani na ugomvi, anarudi na jirani yake.

Usipake ndimu wala limau

Wapo wanaoona njia ya mkato. Kama vitamini C iko kwenye limau, wanasema, kwa nini nisipake limau lenyewe?

Kwanza, hesabu inakataa. Maji ya limau yana vitamini C isiyozidi takriban miligramu 50 kwa kila gramu 100, sawa na asilimia 0.05. Seramu ya asilimia 10 ina nguvu mara 200 ya hapo. Anayepaka limau anapata uchachu mwingi na vitamini kidogo mno.

Pili, na hili ni la hatari, ndimu na limau vina kemikali ambazo zikiwa kwenye ngozi na kupigwa na jua huunguza. Ngozi huweza kutoka malengelenge kama ya kumwagikiwa maji ya moto, na baadaye huacha madoa meusi yanayodumu wiki au miezi. Mtu alitaka kuondoa doa moja, anaishia na kumi. Hata anayekamua ndimu za kuuza juisi anashauriwa anawe mikono vizuri kwa sabuni kabla ya kutoka juani.

Wengine husaga vidonge vya vitamini C vya kutafuna na kuchanganya na maji au mafuta. Vidonge hivyo vina sukari, rangi na ladha, na hakuna anayejua uchachu wa mchanganyiko huo umefika wapi. Kazi ya vidonge ni kumezwa au kutafunwa.

Si mkorogo, na usiuze kama mkorogo

Hapa ndipo biashara hii inapoingia doa. Kwa kuwa vitamini C hupunguza madoa, wapo wauzaji wanaoitangaza kwamba inamfanya mtu awe mweupe. Si kweli. Vitamini C halisi haiwezi kumbadilisha mtu rangi yake ya kuzaliwa.

Bidhaa ikimng'arisha mtu kwa siku chache, shuku mara moja kwamba ndani mna zebaki, haidrokwinoni au steroidi. Zebaki huharibu figo na mishipa ya fahamu, na mama mjamzito anaweza kuipitisha kwa mtoto aliye tumboni. Steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba hadi mishipa ikaonekana. Haidrokwinoni ikitumiwa ovyo kwa muda mrefu huweza kuleta weusi wa bluu usiotoka. Katika Tanzania, vyote vitatu vimo kwenye orodha ya viambato vilivyopigwa marufuku kwenye vipodozi.

Kimataifa nako milango inafungwa. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki ulipitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017. Mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kukomesha vipodozi vyote vilivyoongezwa zebaki ifikapo mwaka 2025, bila kujali ni kidogo kiasi gani.

Kwa mfanyabiashara wa Tanzania, ni muhimu kukumbuka kuwa tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi ulihama kutoka iliyokuwa TFDA kwenda Shirika la Viwango (TBS). TFDA ilibaki na dawa na vifaa tiba na kuitwa TMDA. Hivyo mwenye duka la vipodozi anasajili jengo lake TBS, na bidhaa anayoiingiza au kuitengeneza lazima nayo iwe imesajiliwa huko. Kenya kazi ya viwango hufanywa na KEBS, na Uganda ni UNBS. Anayechukua mzigo wa njia za panya hana pa kulalamikia ukikamatwa na kuteketezwa, na mtaji wake ndio unaoungua.

Na mkulima je?

Turudi Muheza. Jibu linaloweza kumshangaza mkulima ni kwamba chungwa lake halimo kabisa ndani ya kile kichupa. Vitamini C ya viwandani haikamuliwi kwenye matunda. Mwaka 1933 mwanakemia Tadeus Reichstein, aliyefanya kazi Uswisi, alifanikiwa kuitengeneza kwa kuanzia na sukari ya glukosi, na mwaka uliofuata kampuni ya Roche ikaanza kuitengeneza kwa wingi. Leo sehemu kubwa ya vitamini C ya dunia hutoka China, na glukosi inayotumika hutokana zaidi na wanga wa mahindi. Kwa hiyo aliye karibu zaidi na kile kichupa ni mkulima wa mahindi, na chungwa limebaki kuwa picha.

Hesabu inaeleza sababu. Kilo moja ya nyama ya chungwa ina takriban nusu gramu ya vitamini C. Kichupa cha mililita 30 chenye nguvu ya asilimia 15 kina gramu nne na nusu. Ungehitaji kilo 9 za machungwa yaliyomenywa kwa kichupa kimoja, tena kama ungeweza kuitoa yote bila kupoteza. Kwa kilo moja ya vitamini C ungehitaji tani mbili. Hakuna kiwanda kitakachofanya hivyo.

Kwa sababu hiyo, mkulima akifuatwa na mtu anayemwambia apande michungwa au mipera kwa ajili ya "kiwanda cha vitamini C", atulie kwanza. Aulize kiwanda kiko wapi, mkataba uko wapi, na nani mwingine ameshalipwa.

Hiyo haina maana kwamba mkulima hana nafasi. Nafasi yake ni kuuza tunda lenyewe kama chakula kinachojenga ngozi na afya. Watu wanaolipia kichupa ndio hao hao wanaoweza kulipia pera safi, juisi isiyochemshwa au unga wa ubuyu uliofungwa vizuri, wakielezwa kilichomo.

Ubuyu una bahati ya pekee. Hukauka wenyewe ndani ya kifuu, hivyo hauhitaji moto wala jua la kuukausha, na vitamini yake hubaki kwa kiasi kizuri ukihifadhiwa pakavu, gizani, kwenye mfuko usiopitisha hewa. Umoja wa Ulaya uliuruhusu unga wa ubuyu kuuzwa kama chakula mwaka 2008, na tangu wakati huo jina lake limekuwa likitajwa kwenye masoko ya mbali. Wananchi wa Dodoma na Singida kwa upande wa Tanzania, na wa Kitui, Makueni na Kilifi kwa upande wa Kenya, wanayo mibuyu waliyoikuta tu, hawakuipanda.

Tahadhari moja ni kuhusu mafuta ya mbegu za ubuyu, ambayo sasa yanauzwa sana kwa ajili ya ngozi na nywele. Ni mafuta mazuri ya kulainisha. Lakini vitamini C huyeyuka kwenye maji, haiyeyuki kwenye mafuta. Iko kwenye ule unga mweupe, haimo kwenye mafuta ya mbegu. Mjasiriamali anayebandika kwenye chupa ya mafuta hayo maneno "yenye vitamini C" anajitafutia matatizo na wakaguzi, na anaharibu jina la bidhaa ambayo ingejiuza yenyewe bila uongo.

Kwa wasindikaji wengine, kanuni ni ile ile ya dukani: hewa, mwanga na joto. Juisi inayochemshwa muda mrefu hupoteza sehemu ya vitamini C. Embe linaloanikwa wazi juani hupoteza zaidi kuliko linalokaushwa ndani ya kaushio lililofunikwa. Sukuma wiki iliyokatwa na kuachwa wazi tangu asubuhi haiko sawa na iliyokatwa saa hii. Wanaotaka kuanza usindikaji mdogo wanaweza kupata ushauri katika ofisi za SIDO mikoani kabla ya kununua mashine.

Namna ya kuitumia

Kwa mtumiaji, utaratibu ni mwepesi. Pima kwanza kwa kupaka tone moja upande wa ndani wa mkono na usubiri siku nzima. Ukiona vipele au wekundu, usiendelee.

Ikiwa salama, osha uso asubuhi, ukaushe, paka matone matatu hadi matano, subiri dakika chache, kisha paka mafuta au losheni yako ya kawaida. Anza siku moja moja kwa kuruka, ngozi ikizoea ndipo upake kila siku. Usipake kwenye kidonda wala kwenye ngozi iliyochubuliwa na mkorogo. Hiyo inahitaji daktari wa ngozi.

Mwisho paka losheni ya kukinga jua, au walau vaa kofia pana. Vitamini C husaidia, lakini haizuii jua. Hili lina uzito zaidi kwa ndugu zetu wenye ualbino, ambao jua kwao ni suala la saratani. Wao wanahitaji losheni maalumu ya kukinga jua, kama ile inayotengenezwa katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, pamoja na nguo za mikono mirefu. Asitokee muuzaji wa kuwaambia kwamba seramu ya vitamini C inatosha.

Na kama mfukoni hakuna fedha ya kichupa, usijione umepitwa. Pera la njiani, kipande cha papai baada ya chakula, kofia ya ukili kichwani na mafuta ya nazi jioni vitaifanyia ngozi yako mengi. Kichupa ni nyongeza kwa anayekimudu. Kwa anayekiuza ni bidhaa kama nyanya: chagua nzuri, chukua kidogo, uza upesi, na usimdanganye mteja.